Faragha na siri ni vitu viwili

Mazungumzo ya faragha mtandaoni yakianza, hapa Dodoma kama kwingine, hakosi mtu wa kusema: "Mimi sina cha kuficha." Anasema kwa nia njema, na wengi huitikia. Ila hapo kaongelea siri, faragha hajaigusa.

Faragha ni uwezo wako wa kuamua nani apate habari zako, zipi, na kwa kazi gani. Siri ni jambo usilotaka lijulikane kabisa.

Tazama posa. Ikifika kwenye mahari, wazee wa pande mbili hutoka nje wakateta faragha. Waliobaki ndani wanajua wametoka, wanajua wanaongelea nini, na idadi ya ng'ombe itajulikana jioni hiyo hiyo. Siri hakuna pale. Hata hivyo, ukiwafuata ukatega sikio umekosa adabu, na hakuna atakayekutetea.

Sasa njoo kwenye magrupu ya WhatsApp ya viwanja, ambayo mji huu umejaa. Dalali anatangaza kiwanja Nzuguni, anaandika "hati ipo", kisha chini yake anabandika picha ya hati yenyewe: jina kamili la mwenye eneo, namba ya kiwanja, kitalu, sahihi. Ukimwomba aifute anajibu kwamba hati ni halali, haina siri. Kweli haina, ofisi ya ardhi inaijua na majirani wanamjua mwenyewe. Lakini mwenye kiwanja alimkabidhi dalali amtafutie mteja, hakuikabidhi kwa mamia ya watu ambao yeyote kati yao anaweza kuihifadhi na kumtapeli nayo mtu mwingine. Akiweka na namba ya simu ya mwenye eneo ndiyo balaa zaidi, maana ukitaka kutuma pesa kwenye namba hiyo, kabla hujathibitisha unaletewa jina la aliyesajiliwa.

Wengine huchanganya faragha na nywila. Nywila ngumu hulinda akaunti isiibwe, nayo ni muhimu, ila haimzuii mtu usiyemjua kukuingiza kwenye grupu lake. Hilo huzuiwa kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya magrupu, ukiruhusu watu uliowahifadhi kwenye simu yako tu.

Sheria nayo haianzi kwa kuuliza kama una siri. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka na zisihamishiwe kwenye kazi nyingine kiholela.

Kwa hiyo, ndugu yangu dalali, yale maneno "hati ipo" yanatosha. Mnunuzi wa kweli ataiona akifika Nzuguni, mwenye kiwanja akiwepo.