Kempingi ya kwanza nje ya nchi: pangeni usiku kabla ya mchana

Familia zikija kwangu kupanga kempingi yao ya kwanza nje ya nchi, karibu zote zinakuja na mipango ya mchana, ziwa gani, mlima gani, watoto watacheza wapi, na mimi kila mara nawarudisha kwenye usiku. Kazi yangu ndiyo hii, kuandaa familia kwa safari za hema, na ninachokiona ni kwamba mchana unajipanga wenyewe, ila mtoto asipolala usiku wa kwanza basi kesho yake wote mmechoka, mnagombana, na mko nchi ya watu hamna wa kumwachia.

Kwanza baridi. Baridi mbaya ya kwenye hema inatoka chini jamani, sio juu. Watu wanabeba mablanketi ya kujifunika halafu chini wametandika kitu chembamba, ardhi inakunywa joto la mwili usiku kucha. Hata slipingi begi, yaani begi la kulalia, ile sehemu unayoilalia inabanwa na uzito wako, hewa inatoka, na hewa ndiyo ilikuwa inatunza joto, kwa hiyo mgongoni unabaki karibu huna kitu. Godoro la kawaida la kujaza upepo nalo halisaidii sana manake hewa ya ndani inazunguka tu, inashusha joto lako ardhini. Angalieni namba ya R kwenye godoro, ikiwa kubwa ndivyo linavyozuia joto lisipotee, kwa usiku wa kiangazi wenye ubaridi mimi sishuki chini ya 2, na lile zuri kuliko yote apewe mtoto.

Kwenye slipingi begi zilizopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 mtakuta zimeandikwa namba kadhaa za nyuzijoto. Fuateni ile ya kulala kwa raha. Ile ya chini kabisa ni ya mtu kunusurika asife kwa baridi, na wauzaji wengine ndiyo wanaiandika kwa herufi kubwa! Halafu vipimo hivyo vinahesabu mwili wa mtu mzima, kwa hiyo mtoto mchagulieni begi la joto zaidi, na akilala kwenye begi la mkubwa likunjeni chini ya miguu yake mlifunge, lile eneo tupu linamchosha kulipasha joto.

Asubuhi mkikuta hema limelowa ndani halijavuja, ni pumzi zenu zimegusa kitambaa cha baridi zikawa maji. Acheni matundu ya hewa wazi hata kama mnaona baridi. Na hapa naomba mnisikilize sana: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata kwenye ile baraza ya mbele, hata kama moto umeshazima na mnaona majivu tu. Mkaa unaendelea kutoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na aliyelala haamki.

Kingine ambacho familia hazikitegemei ni mwanga. Mkienda kaskazini, mfano Oslo, Norwei, mwishoni mwa mwezi wa 6, jua linazama baada ya saa nne na nusu usiku na giza lenyewe haliji vizuri, mtoto anakwambia bado mchana na hakosei, bebeni vitambaa vya macho au tafuteni hema la kitambaa cheusi.

Mitungi ya gesi ya jiko hairuhusiwi kwenye ndege, sio begi la mkononi wala la chini, mtanunua hukohuko, kwa hiyo ulizeni mapema ni aina gani inapatikana, kuna ya kuzungusha, ya kubofya na ya kutoboa, na mtungi usipoingiliana na jiko lenu basi hamna chai. Australia na New Zealand hema na mabuti mnayatangaza forodhani, yakiwa na udongo yatazuiliwa kwanza, osheni vigingi kabla.

Pia msidhani popote penye nyasi mnaweza kulala. Norwei sheria ya mwaka 1957 inawaruhusu kupiga hema kwenye ardhi ya wazi isiyolimwa mkikaa angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu, ila Uingereza sehemu kubwa lazima mwenye ardhi akubali. Kwa mara ya kwanza mimi naona kempsaiti rasmi, yaani eneo lililotengwa la kupiga hema, yenye choo ni bora. Hifadhi ya Yosemite kule Marekani, kwa sababu ya dubu, chakula kinafungiwa kwenye makabati ya chuma, na dawa ya mswaki ya mtoto nayo inaingia humo, chochote chenye harufu.

Fikeni jua likiwa bado juu. Msipige hema bondeni, maji na hewa baridi vyote vinateremkia huko. Halafu kabla hata ya kupika, mtembezeni mtoto mpaka chooni na kurudi, mara mbili, mwache yeye aongoze, manake saa nane usiku ndiyo njia atakayoihitaji.