Je, wajua? Nchi yenye zamu Umoja wa Ulaya haiuongozi Umoja huo

Kila Januari na Julai hutangazwa kwamba nchi fulani "imechukua urais wa Umoja wa Ulaya", na msikilizaji huelewa kwamba kwa miezi 6 kiongozi wake ndiye mkubwa wa Ulaya. Sivyo. Kinachozunguka ni uenyekiti wa vikao vya mawaziri wa nchi wanachama. Vikao vya wakuu wa nchi na serikali vina rais wake wa kuchaguliwa tangu Desemba 2009. Tume ya Ulaya, inayoandaa miswada, nayo ina rais wake. Hata mawaziri wa mambo ya nje wakikutana, mwenyekiti kwa kawaida si mwenye zamu, bali ni Mwakilishi Mkuu wa Umoja.

Julai 2024, siku chache tu baada ya Hungary kushika zamu, Viktor Orbán, aliyekuwa waziri mkuu wake, alikwenda Moscow. Charles Michel, aliyekuwa rais wa vikao vya wakuu, alilazimika kutamka kwamba zamu haimpi mtu mamlaka ya kuzungumza na Urusi kwa niaba ya Umoja.

Basi mwenye zamu hufanya nini? Mfikirie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Michango si yake, wala hawezi kuipangia matumizi peke yake. Lakini ndiye anayeamua ajenda ipi itangulie, na hawa wakitaka ukumbi, wale turubai, ndiye anayeleta pendekezo la kati. Waziri mwenye zamu yuko hivyo hivyo, na nchi yake huwa na mjumbe mwingine mezani wa kuitetea, ili yeye abaki msuluhishi. Anaweza kuharakisha jambo au kulichelewesha, na hilo si dogo.

Ndiyo maana Ubelgiji ilimudu zamu ya nusu ya pili ya 2010 ikiwa na serikali ya muda tu. Haina maana kwamba nchi yoyote ingemudu: Ubelgiji ni mwanachama mwanzilishi, na maofisa wake waliizoea kazi.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu ya zamu. Hispania na Ureno zilipojiunga mwaka 1986, wanachama walifika 12, na mzunguko ukawa miaka 6 kamili. Kila nchi ingeangukia nusu ileile ya mwaka daima, ilhali nusu ya pili ina likizo ya Agosti na mvutano wa bajeti. Mkataba wa kujiunga kwao ukaagiza kwamba katika mzunguko wa pili nchi zinazofuatana kwenye orodha ya zamu zibadilishane nafasi: Denmark kabla ya Ubelgiji, Ugiriki kabla ya Ujerumani. Leo wanachama ni 27, mzunguko ni miaka 13 na nusu, na namba hiyo inabadilisha nusu yenyewe: Ubelgiji iliposhika tena, ilikuwa nusu ya kwanza ya 2024.