Je, wajua kwa nini msamaha wa wafungwa watatu ulimaliza siasa za gavana wa Illinois?

Kila ikifika Mei Mosi, viwanja vya Tanzania na Kenya hujaa fulana za vyama vya wafanyakazi, mabango na nyimbo za mshikamano. Chimbuko la siku hiyo ni Chicago, Marekani, mwaka 1886. Simulizi yenyewe huishia kwenye kitanzi. Yaliyofuata miaka sita baadaye, katika ofisi ya John Peter Altgeld, gavana wa Illinois, jimbo lenye jiji la Chicago, husikika mara chache, na kwangu mimi ndiyo sehemu isiyostahili kusahaulika.

Tarehe 1 Mei 1886 maelfu ya wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi iwe na urefu wa saa nane tu. Siku mbili baadaye polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha mashine za kilimo cha McCormick. Kesho yake usiku ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo, karibu na uwanja wa Haymarket. Meya wa jiji alifika mwenyewe, akasikiliza, akaona hali ni shwari, akarudi nyumbani. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika pale kikosi cha polisi kilipoingia kuwaamuru waondoke. Mtu mmoja akarusha bomu. Polisi saba walikufa, na raia kadhaa pia. Aliyelirusha hajajulikana hadi leo.

Wakakamatwa wanaume wanane, waanakisti, yaani watu wanaopinga kuwepo kwa serikali yoyote. Saba walihukumiwa kunyongwa, wa nane akapewa miaka 15. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Mmoja alikuwa amejiua mahabusu siku iliyotangulia. Samuel Fielden na Michael Schwab walipunguziwa adhabu ikawa kifungo cha maisha. Hao wawili, pamoja na Oscar Neebe, yule aliyepewa miaka 15, ndio waliokuwa bado wamefungwa katika gereza la Joliet wakati Altgeld anaapishwa, Januari 1893.

Altgeld alizaliwa Ujerumani mwaka 1847 na kuvukishwa bahari angali mtoto mchanga. Alikulia shambani Ohio, akajiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani akiwa na miaka 16, akafundisha shule, akasomea sheria, kisha akahamia Chicago akatajirika kwa viwanja na majengo. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha jaji. Faili la kesi alijua kulisoma.

Na njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake. Watu wengi, hata wenye fedha na vyeo, walikuwa wamesaini ombi la kuwahurumia wafungwa hao. Angeweza kuandika kwamba wameteseka vya kutosha, waende zao, na kelele zingepita. Yeye alikataa kuliita jambo hilo huruma. Alisema kama walihukumiwa kwa haki na hatia yao ilithibitika, basi gavana hana sababu ya kuingilia kati. Swali lake lilikuwa moja: je, kesi yenyewe ilikuwa ya haki?

Akajibu kwa maandishi ya maneno yapata 18,000. Huko Marekani raia 12 huketi mahakamani na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kawaida majina yao huchaguliwa kwa bahati nasibu. Katika kesi hii ofisa mmoja wa mahakama aliachiwa kuwatafuta watu anaowataka, na Altgeld alinukuu ushahidi wa kiapo kwamba ofisa huyo alijigamba kuwa washtakiwa watanyongwa tu, kwa hiyo anawaleta watu ambao utetezi utalazimika kuwakataa mpaka idadi ya watu ambao utetezi unaruhusiwa kuwakataa iishe. Watu 981 walihojiwa, na waliokiri wazi kwamba tayari wana chuki walipitishwa na jaji Joseph Gary. Isitoshe, hakuna aliyeonyesha washtakiwa walikuwa na uhusiano gani na mrusha bomu asiyejulikana. Dhidi ya Neebe, Altgeld hakuona ushahidi wowote.

Tarehe 26 Juni 1893 alitia saini. Hati zile alimkabidhi mwenye benki aitwaye Dreyer, mmoja wa waliokuwa kwenye jopo lililowafungulia wanane hao mashtaka, ambaye baadaye moyo ulimsuta akawa mstari wa mbele kuwaombea. Dreyer alipozishika, machozi yakamtoka. Gavana akamhimiza awahi treni ya Joliet.

Magazeti yalimrukia. Moja la Chicago liliandika kwamba hana hata tone la damu ya Kimarekani, mtu aliyebeba bunduki kwa ajili ya nchi hiyo akiwa kijana mdogo! Kuwasamehe tu wangemvumilia. Kosa lake lilikuwa kuweka kwenye kumbukumbu za serikali kwamba jaji, polisi na waliotoa hukumu walidhulumu, na kwamba wanne walikuwa wameshanyongwa kwa njia hiyo. Mwaka uliofuata akagombana na Rais Cleveland aliyepeleka askari Chicago kuzima mgomo wa reli bila gavana kuwaomba. Sheria ya mwaka 1893 iliyokataza watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, iliyopita chini yake, haikumwokoa. Mwaka 1896 akashindwa uchaguzi. Siku ya kumwapisha mrithi wake, hata hotuba ya kuaga aliyoizoea kila gavana alinyimwa.

Utajiri nao ukamponyoka, pamoja na jengo lake la ghorofa nyingi. Mwanasheria Clarence Darrow akampa nafasi katika ofisi yake. Machi 1902 alipanda jukwaani kuwatetea Makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa wakipigana na Uingereza, akamaliza kuzungumza, akaanguka. Alfajiri alikuwa amefariki, akiwa na miaka 54. Mji ulikuwa Joliet.