Tajini ya kuku ni nini?

Tajini ni chungu cha udongo cha Moroko: chini sahani pana yenye kina kidogo, juu kifuniko kirefu kilichochongoka. Chakula kinachopikiwa humo nacho huitwa tajini, na ya kuku inayojulikana zaidi ni ya malimau ya chumvi na zeituni.

Kifuniko ndicho kinachofanya kazi kubwa. Mvuke hupanda, hukuta udongo wa juu usio na joto kali, hugeuka maji na kurudi kwenye nyama. Ndiyo maana kuku wa kilo moja na nusu anatosheka na kikombe kimoja cha maji. Ukizidisha, unapika supu.

Udongo hauvumilii moto wa ghafla. Chungu kipya kisichopakwa rangi kiloweke usiku kucha, kikaushe, kipake mafuta ya zeituni, kisha kiingize katika oveni ambayo haijawashwa na upandishe joto taratibu hadi nyuzi 150, kwa saa mbili. Makaa machache yanafaa. Kwenye gesi, tanguliza bamba la chuma. Maji ya baridi yakimwagwa kwenye chungu cha moto, kitapasuka. Vile vyenye nakshi za rangi viwe vya kupakulia tu, kwani baadhi ya rangi zina madini ya risasi, na ukali wa limau huyatoa.

Vipande vya kuku vipake tangawizi ya unga kijiko kimoja cha chai, manjano na pilipili manga nusu nusu, vitunguu saumu punje tatu, zafarani kidogo na mafuta ya zeituni vijiko vitatu vya chakula. Viache saa mbili. Tandaza vitunguu maji viwili vilivyokunwa, panga kuku juu, tia maji na kotmiri, funika. Moto mdogo, saa moja na robo hivi, bila kufunuafunua.

Limau la chumvi (huiva kwa takriban mwezi mmoja ndani ya chumvi na maji yake) huingia dakika 15 za mwisho, ganda tu, pamoja na konzi ya zeituni. Likitangulia, mchuzi huwa mchungu. Chumvi uionje baada ya hapo, si kabla. Achari ya limau ya pwani yetu haifai hapa. Pilipili yake hufunika zafarani.

Mchuzi ukiwa mwepesi, toa kuku, acha wazi uchemke hadi vitunguu viyeyuke na kuwa rojo zito. Wamoroko huliita daghmira. Tajini huliwa kwa mkate, si kwa kuskusi (chembe ndogo za unga wa ngano zilizopikwa kwa mvuke).