Je, Wajua Kwa Nini Nyumba ya Vipande Huanzia kwenye Bati?

Nilimpelekea fundi mmoja wa soko la Gikomba, Nairobi, mchoro wa nyumba ndogo. Nilitaka kumjengea mama ushago, kule Makueni, nyumba ya vipande: itengenezwe Nairobi, ipakiwe kwenye lori, ikifika ifungwe kwa siku chache. Mchoro nilikuwa nimeupenda mwenyewe. Fundi aliutupia jicho mara moja tu.

"Kijana, bati lako ni la mita ngapi?"

Nikamwambia bati tutalikata tukifika. Akacheka. "Basi hujachora nyumba. Umechora hasara."

Ilinichukua muda kumwelewa. Bati huuzwa kwa urefu uliokwisha kupangwa: mita 2, mita 2.5, mita 3. Anayechora chumba kwanza, kisha akatafute bati la kukifunika, hujikuta anakata. Kila kipande kilichokatwa ni pesa iliyobaki chini, na pale bati lilipokatwa ndipo kutu hupata mlango. Anayeanza na bati hurudi nyuma: bati hili linafunika nafasi gani? Nafasi hiyo ndiyo inampa upana wa chumba.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Chukua chumba chenye upana wa mita 3 kwa ndani. Kuta zina unene wa sentimita 14. Toka katikati ya chumba hadi uso wa nje wa ukuta ni mita 1.64. Paa lina pande mbili, kila upande bati moja, mteremko wa digrii 20. Bati la mita 2.5 likilala kwa mteremko huo hufunika kama mita 2.35 ukipima chini. Toa 1.64, unabaki na sentimita 70 hivi zinazotokeza nje ya ukuta. Sasa jaribu bati la mita 2 uone. Linafunika mita 1.88, kwa hiyo kinachotokeza ni sentimita 24. Mvua ya upepo ikija, ukuta unaoga.

Na ukuta wangu haupendi kuoga, kwa sababu ni wa udongo: cha kutoka Nairobi ni paa na vipande vingine, kuta hujengwa palepale. Siyo ule wa kukandika kwenye fito, ni matofali ya kushikana, yale yenye meno ambayo tofali moja huingia kwenye lingine bila saruji nyingi katikati. Hutengenezwa palepale shambani: udongo mwekundu au murram, simiti kidogo, kama asilimia 5 hadi 8, kisha mashine ya mkono inayoubana. Hayachomwi. Hufunikwa kwa karatasi ya nailoni na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa yakomae. Hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya tanuri, na hakuna lori linalobeba mawe kutoka mbali.

Ila si kila udongo unakubali. Chukua chupa inayoonyesha ndani, tia udongo hadi katikati, jaza maji, tikisa, uiache hadi kesho yake. Mchanga utakuwa umetangulia chini, mfinyanzi umelala juu. Mfinyanzi ukizidi sana, tofali litapasuka likikauka. Ule udongo mweusi wa Embakasi, unaovimba mvua ikinyesha na kutoa nyufa za kuingiza kidole wakati wa kiangazi, usiuguse kabisa, hata kwa msingi. Wajenzi wa Nairobi huuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Wengi huniuliza kwa nini nisinunue kontena tu nikamaliza. Yamejaa Barabara ya Mombasa, yamepakwa rangi, yana madirisha. Kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.44 kwa nje, na likiwa tupu lina zaidi ya tani 2. Linataka lori kubwa na kreni ya kulishusha. Njia ya kwetu mwezi wa Aprili, kwa matope, hata gari dogo la Probox husukumwa. Halafu ni chuma pande zote. Aliyewahi kulala kwenye chumba cha mabati mtaani anajua: mchana tanuri, usiku friji. Bati la geji 30 lina unene wa kama robo ya milimita. Halina pa kuhifadhi joto. Hulipitisha ndani jua likiwaka na kulitupa angani usiku. Ukuta wa udongo huchukua saa nyingi kupata moto, na jioni baridi ikiingia ndipo unaanza kuliachia lile joto la mchana. Kwa hiyo bati likae juu, lenye dari ya mkeka au mbao chini yake, na kuta ziwe nzito.

Bati lenyewe, kwa njia, lilianzia London, ambako mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1829. Ujanja wote uko kwenye mawimbi. Kunja karatasi kama kipepeo cha mkono uone inavyokataa kupinda.

Lakini nyumba ya vipande sisi hatukuipokea kutoka kwa yeyote. Wanawake wa Kigabra na Kirendile, kaskazini huko, wamekuwa wakifungua nyumba zao, fito zilizopindwa na mikeka, wakizipakia juu ya ngamia na kuzisimamisha tena malishoni. Wao ndio wasanifu na wao ndio wenye nyumba. Kila kipande kimepimwa kwa mgongo wa ngamia. Mimi nilikuwa nimepima kwa skrini ya kompyuta. Makueni kipimo ni mabega ya watu wawili, pamoja na hadiwea, lile duka la vifaa vya ujenzi la sokoni: kipande kikivunjika, kipatikane hapo pasipo kupiga simu Nairobi.

Baada ya hayo, mengine yakawa mepesi. Tuko karibu na ikweta, jua la mchana liko utosini na la asubuhi na jioni ndilo linalochoma kuta, kwa hivyo zile kuta fupi zikatazama mashariki na magharibi, madirisha kaskazini na kusini. Familia ikiongezeka, nyumba inarefushwa, haipanuliwi, maana ukipanua umevuruga lile bati. Na paa lile, kwa urefu wa mita 6, hukinga mita za mraba 28. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mwaka wa milimita 600 unakupa lita 16,800. Toa moja ya tano inayopotea, bado zaidi ya lita 13,000 zinaingia tangini, mradi gata limefungwa vizuri.

Nilimpelekea mama mchoro mpya, nikiwa na majibu yote kichwani. Aliushika, akaugeuza, akauliza jiko liko wapi. Nikamwonyesha kona. Akaniuliza kama nataka avute moshi akilala.

Nikarudi Gikomba. Fundi aliposikia ni jiko la kusimama peke yake, pembeni ya nyumba, alichukua penseli ya sikioni mwenyewe. "Hapo sasa," akasema, "ndipo tunatumia yale ya mita mbili."