Hapana, Blixen Hakukiandikia Ngong

Jamani, tusichoshane. Insha nyingine imefika mezani kwangu ikimweka Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa Kenya, barazani, chini ya vilima vya Ngong, akiwatazama wachuma kahawa huku akiandika *Out of Africa*, kitabu chake kuhusu shamba hilo. Shamba lilikuwa limeshauzwa! Alirudi Denmark mwaka 1931, nyumbani kwa mama yake, Rungstedlund, akayaandika hayo huko Denmark. Kitabu kikatoka 1937.

Wala kalamu haikuja baada ya kahawa kumshinda. Mwaka 1907, miaka saba kabla ya kushuka Mombasa, hadithi zake zilianza kuchapishwa Denmark kwa jina la Osceola. Hakuna aliyeshtuka, akaacha. Mengine mnayajua: ndoa na Bror, kaswende, shamba lililokuwa juu mno kwa kahawa, madeni, ndege ya mpenzi wake Finch Hatton kuanguka Voi.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wajuaji wanaoruka upande wa pili, ati shambani hakuandika kitu. Aliandika sana. Mwenyewe anasimulia kwamba mvua zilipogoma alikaa usiku akitunga hadithi za nchi za mbali na zama nyingine, apate kuyasahau madeni. Kamante, mpishi wake, aliyaona makaratasi yaliyotawanyika akatilia shaka kama kweli hicho kingekuwa kitabu. Sehemu ya kazi hiyo iliingia katika *Seven Gothic Tales*, kilichotoka Marekani mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen. Yaani akiwa Kenya aliandika Ulaya ya kale. Akiwa Ulaya akaandika Kenya. Ukilikosa hilo utasoma kumbukumbu zilizopikwa kwa miaka ukidhani ni shajara.

Na hapo ndipo na mimi nakwama. Mengi tunayoyajua kuhusu shamba lile tumeyapata kwake, naye alikuwa fundi wa kuficha: mume anapita kama kivuli, ugonjwa hautajwi. Barua alizowapelekea nduguze zimejaa fedha na wasiwasi, kitabu kimejaa utulivu. Ngũgĩ alimshukia kwa jinsi anavyowafananisha Waafrika na wanyama, na ukurasa kwa ukurasa namwona ana haki. Bado nakifundisha, maana sentensi zake ni za fundi. Ila mwanafunzi akiniuliza ni tawasifu au riwaya, namjibu tawasifu, na wiki inayofuata nabadilisha.