Viza ya P-3: upekee wa kitamaduni maana yake nini

P-3 ni viza ya Marekani ya msanii au kikundi kinachokwenda kupiga au kufundisha sanaa yenye upekee wa kitamaduni, yaani sanaa iliyo mali ya nchi, kabila, dini au jamii fulani. Sheria haiulizi umaarufu wako. Kwa kikundi cha taarab kutoka Unguja jambo hili lina uzito, kwa sababu viza ya vikundi vyenye jina la kimataifa, P-1B, inataka angalau 75% ya wanakikundi wawe wamekaa nacho mwaka mzima au zaidi. Ukiazima wapigaji wengi kwa ajili ya safari, umeshaanguka. P-3 haina sharti hilo. Msanii wa peke yake wa Bongo Fleva kwa kawaida huangukia O-1B, ambayo hupima sifa na mafanikio yake.

Kosa linaloumiza wengi ni kwenda ubalozini na barua ya mwaliko tu na kuomba viza ya matembezi, B-1/B-2. Viza hiyo si ya kupiga muziki mbele ya watu waliokata tiketi, na ofisa wa uwanja wa ndege akiona ala na ratiba ya maonyesho anaweza kuwarudisha hapo hapo.

P-3 huanzia Marekani. Mwajiri au wakala aliyeko kule hujaza fomu I-129 na kuipeleka USCIS, idara ya uhamiaji, akiambatanisha mkataba, ratiba ya maonyesho yote na barua ya ushauri ya chama cha wafanyakazi. Kwa wanamuziki mara nyingi ni American Federation of Musicians. Fomu moja hubeba majina yasiyozidi 25. Fundi mitambo haingii humo: yeye ni P-3S, na anaombewa kwa I-129 yake nyingine.

Uzito wote uko kwenye barua za wataalamu. Barua inayosema “kikundi hiki ni kizuri sana” haina kazi. Mwandishi, tuseme mhadhiri wa muziki au mtafiti wa ushairi wa Kiswahili, aeleze kwanza yeye ameijuaje sanaa hiyo, kisha aonyeshe ganuni, udi na fidla vinavyoungana vipi na mashairi yenye vina na mizani, na wapigaji hawa walijifunzia wapi. Tena maonyesho yote yawe ya sanaa hiyo. Usiku mmoja wa kupiga nyimbo za kisasa za dansi kwenye ratiba unaweza kulitia doa ombi zima.

Je, taarab iliyochanganywa na jazi? Mwaka 2012, katika shauri la Skirball Cultural Center lililohusu bendi ya Argentina iliyochanganya muziki wa Kiyahudi na wa Amerika Kusini, iliamuliwa kwamba mchanganyiko nao unaweza kuwa na upekee wa kitamaduni. Lakini wataalamu waueleze huo mchanganyiko. Msimwache ofisa aubuni mwenyewe.

Makala za magazeti ya Kiswahili ziende na tafsiri kamili ya Kiingereza na tamko lenye saini ya mfasiri. Majina kwenye mkataba yawe ya pasipoti, si ya jukwaani.

Ombi likikubaliwa hutoka hati ya I-797, na hiyo bado si viza. Kila mwanakikundi hujaza DS-160, fomu ya kuombea viza, hulipa ada yake na kuhojiwa ubalozini, ambako lazima aonyeshe makazi yake yako nyumbani na atarudi.

USCIS hupokea ombi hadi mwaka mmoja kabla ya safari. Huduma ya haraka hutoa jibu ndani ya siku 15 za kazi kwa malipo ya ziada, lakini jibu hilo laweza kuwa ni kudaiwa ushahidi zaidi, na foleni ya mahojiano ubalozini haifupishi hata kidogo. Promota anayeanza karatasi wiki sita kabla ya onyesho amechelewa.